Ulimi Uliogoma

Vikombe arobaini mezani, mvuke umenyooka,
kijiko mkononi, ndoo ya kutemea miguuni.
Navuta kahawa kwa kishindo, kama tulivyofunzwa,
nasubiri ulimi useme.
Ulimi haukusema.

Miaka kumi na mmoja umewatolea wakulima ushahidi:
hii ya Kibosho, ina ndimu kwa mbali;
hii ya Machame ililala majini siku moja zaidi;
hii, samahani mzee, ilianikwa kwenye turubai lililobeba dizeli.
Jumanne ile zote arobaini zilikuwa maji ya moto.
Nikaandika themanini na mbili, themanini na tatu,
alama za mtu anayekisia,
huku nikitupia jicho mlango kama mwizi.

Nilisema ni mafua.
Nilisema ni dawa mpya ya meno.
Sikusema kwamba tangu Pasaka naamka saa tisa usiku,
namtangulia jogoo wa jirani hapa Pasua,
naihesabia dari: ada ya Elinami, kodi, mnada wa Alhamisi,
na sampuli za Ndewirwa juu ya zangu
tangu apunguzwe kazini, kiti chake kikapelekwa stoo.
Sikusema taya linauma kwa kusaga meno usingizini,
wala kwamba nilimfokea mtoto kwa kijiko
kilichomponyoka. Kijiko tu.
Akakiokota, akakigeuza geuza:
"Mama, kwani kimevunjika?"

Zahanati, Bi. Mshiu alinimulika koo,
akanishika mshipa wa mkono, akakaa nao muda.
"Ulimi mzima," akasema. "Mwenye ulimi je?"
Nikacheka. Kicheko kikakatika kama umeme wa jioni,
na gizani humo nikalia.
Akalitaja lile neno la semina, msongo,
nililolisikia mwaka jana nikichora maua pembeni mwa daftari,
nikidhani ni maradhi ya wenye viyoyozi.
"Mwili ulipiga hodi," akasema,
"wewe ukaongeza sauti ya redio."

Hakunipa kidonge. Alinipa karatasi yenye safu mbili:
nimelala saa ngapi; nimemwambia nani.
Safu ya pili ilikaa nyeupe wiki nzima.

Ulimi hauna mfupa, husema watu.
Wangu uliota mfupa nilipogonga kwa Shirima, meneja.
Nikautoa hivyo hivyo, mkavu:
"Alama za Jumanne zifutwe. Nilikisia."
Akanyamaza. Akavuta droo:
pakiti tatu za dawa ya kiungulia, moja imebaki maganda.
"Mimi ni tumbo," akasema. "Tangu Februari."
Tukatazamana kama watu waliokutana msibani
bila kujua wote ni wafiwa.

Ndewirwa hakurudishwa. Nisidanganye.
Ila vikombe sasa vina kikomo, na saa saba mlango hufungwa,
tunakula kama watu, tumekaa.
Simu yangu hulala kwenye ndoo ya unga, kifuniko juu.
Jumamosi naenda hadi chemchemi ya Njoro,
navua viatu, sifanyi lolote la maana,
navuta pumzi, naihesabu ikitoka,
nikikosea hesabu hakuna anayenidai.
Kuna usiku bado saa tisa hunikuta macho.
Naisalimu. Nageukia upande wa pili.

Juzi Elinami alinitia ubuyu mdomoni, mwekundu, wa shilingi mia.
Shavu likajikunja lenyewe!
Akacheka hadi akakaa chini.

Na leo, kikombe cha tisa, kutoka Uru,
kimeninong'oneza kitu.
Si ndimu. Bado si ndimu.
Sikuandika alama.
Niliweka kijiko chini, taratibu,
nikauacha ulimi ukumbuke kwa wakati wake.